Usiiache mashine ya boti na petroli tumboni

Sisi tunaoishi nje na tuna kiboti cha faiba Pemba hukosea pahala pamoja. Likizo ya kaskazi inakwisha, siku ya mwisho tunakwenda kuvua, jioni mashine inang'olewa na kutiwa bandani na petroli yake ndani, keshoye tuko uwanja wa ndege. Masika yanapita, kusi inapita. Disemba tunarudi, tunavuta kamba mpaka bega linauma, na mashine haiwaki.

Mimi yalinikuta Wete. Mashine ya farasi 15 ilikuwa imelala miezi kumi. Fundi akafungua kabureta, akaniwekea kiganjani kishaba kadiri ya punje ya hindi. "Kitazame juani." Nikakiinua. Tundu lake, ambalo hata uzi hupita kwa shida, halikupitisha nuru. Chini ya kabureta palikuwa na utando wa kahawia, unanata kama utomvu wa fenesi na kunuka vanishi. "Haikufa hii, ami," akasema, "imeziba." Petroli ikikaa miezi, sehemu yake nyepesi hupaa, nzito ikabaki na kugeuka gundi.

Ninakoishi sasa, Kanada, watu huandaa boti zao kabla ya baridi, kwa sababu maji yakibaki ndani ya injini huganda, barafu hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chuma hupasuka. Kwetu hakuna barafu. Kuna chumvi na unyevu wa masika, navyo hula chuma polepole bila mtu kusikia. Asubuhi moja inatosha kuikinga mashine, mradi isiwe asubuhi ya safari.

Tia maji matamu kwenye pipa, uifunge mashine humo, maji yafunike tundu zinazovuta maji. Iwashe, gia ikiwa huru, na uhakikishe inakojoa vizuri, yaani inatema ule mchirizi wa maji ya kuipoza. Iache dakika kumi isafishe chumvi. Kisha, ingali inanguruma, chomoa mpira wa petroli na uiache imalize kilichomo mpaka ijizimie yenyewe. Hapo kabureta bado ina tone chini: legeza skrubu yake ya kumwagia, ukinge kikopo. Hii ndiyo hatua wengi huiruka, na ndiyo iliyonigharimu mimi. Mashine ya injekta, isiyo na kabureta, lakini, usiikaushe hivyo. Pampu yake hulainishwa na petroli yenyewe, kwa hiyo fuata kitabu chake.

Toa plagi, mimina kijiko cha oili safi katika kila silinda, vuta kamba taratibu mara tano ili oili ienee, urudishe plagi. Kabla ya kuvuta, chomoa kile kikamba cha kuzimia, cheche isije ikaruka.

Sasa oili ya gia. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu. Ikitoka nyeupe kama tui, maji yameingia na sili, ile pete ya mpira inayozuia maji, imekufa. Itengenezwe kabla hujaondoka, si ukirudi, maana gia zitaota kutu miezi yote hiyo. Oili mpya hujazwa kwa tundu la chini mpaka itoke juu. Vua na propela, utazame kama mshipi wa kuvulia haukujisokota nyuma yake, kwani huko ndiko sili hukatikia.

Tangi la mkononi limwage lote. Petroli iliyochanganywa na oili mgawie mvuvi mwenye mashine ya aina yako, umwambie kipimo: ikiwa ni 50 kwa 1, lita 25 zina nusu lita ya oili. Usiiweke ndani ya nyumba wanamopika. Boti yenye injini ya dizeli ni kinyume: tangi lijazwe pomoni, kwa kuwa nafasi tupu hutoka jasho na maji yakatua chini.

Mashine isimame wima juu ya mbao, ifunikwe gunia au shuka kuukuu. Nailoni hufungia unyevu. Tundu la kukojolea lifunge kitambaa, nyigu wasijenge humo. Na tafadhali, usimwombe mdogo wako aiwashe kila Ijumaa "isizoee kulala". Impela, kile kipanga kinachosukuma maji ya kupoza, ni ya mpira, na bila maji huungua kwa muda mfupi sana.

Dawa za kuzuia petroli isiharibike na za kupulizia silinda zisiote kutu usizitie begini, ndege haziruhusu vimiminika vinavyowaka. Lete impela, plagi, filta na washa, yaani vipete, vya skrubu za gia. Ni vyepesi, na kisiwani mara nyingine ni vya kuagizia.

Siku ya kurudi, nunua petroli mpya, uiwashe kwanza pipani, na usiipeleke pwani mpaka umeiona ikikojoa. Moshi mzito wa mwanzo usikutishe, ni ile oili uliyoiacha kwenye silinda.