Ukialikwa kanisani Ethiopia, jitande netela

Unaenda kujitolea Ethiopia? Wenyeji wakikualika kwenye ibada ya Waorthodoksi wa Tewahedo, kanisa la kale la Kikristo la huko, nenda, ila tafuta netela mapema. Ni shuka jepesi jeupe la pamba. Unajitanda mabegani, na wanawake hufunika nalo kichwa. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo vaa soksi safi. Wanaume wana upande wao, wanawake wao. Ibada ni ndefu na watu husimama muda mwingi, ndiyo maana utaona wazee wameegemea fimbo za sala. Ukichoka, toka taratibu uani. Wengi husali hukohuko nje, si aibu. Komunyo waachie waumini wao.

Jumatano na Ijumaa ni mfungo, isipokuwa siku 50 baada ya Pasaka: hakuna nyama, maziwa wala mayai. Agiza injera (mkate wao mwembamba kama chapati) kwa shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), ule kama wao. Mwenyeji akikulisha tonge kwa mkono wake, hiyo ni gursha. Ipokee, ni upendo.

Na saa zao ni kama zetu: saa 12 asubuhi ni alfajiri. Waeleze wenzako wa Ulaya, wasije wakachelewa.