Puto la aota kwa majeruhi: namna ya kuuokoa mguu

Puto linalopitishwa kinenani (REBOA) likishajazwa ndani ya aota, ateri kuu itokayo moyoni, ili kuzuia damu ya tumbo au nyonga, macho yote chumbani huwa kwenye shinikizo la damu. Mguu uliotobolewa husahaulika, na matatizo mengi ya mishipa huanzia hapo kinenani, si kwenye aota.

Toboa kwa ultrasaundi. Mkunjo wa ngozi wa kinena hudanganya, hasa kwa mtu mnene. Tafuta mahali ateri kuu ya paja inapogawanyika, upande juu kidogo, ubaki chini ya ligamenti ya kinena, pale ateri inapolalia kichwa cha mfupa wa paja. Mfupa huo ndio utakaokandamizia baadaye. Ukitoboa juu ya ligamenti, damu hujikusanya nyuma ya tumbo bila uvimbe wowote kuonekana. Ukitoboa chini mno, unaingia kwenye tawi jembamba ambalo mrija wenyewe unaliziba. Waya ukigoma, usilazimishe: huchana ukuta wa ndani wa ateri.

Tumia mrija wa kupitishia katheta wa 7 French (kipimo cha unene). Ile ya zamani ya 12 ilihitaji kushonewa ateri wakati wa kuitoa.

Kwa katheta yenye puto ya ER-REBOA, kina cha kuanzia ni kama sentimita 46 kwa kanda ya I (juu ya mishipa ya tumbo) na 28 kwa kanda ya III (chini ya mishipa ya figo). Hakikisha kwa eksirei kabla ya kujaza. Anza na mililita 8 kanda ya I, mililita 2 kanda ya III, kisha ongeza kidogo kidogo huku mwenzako ameweka vidole kwenye kinena cha upande wa pili. Mapigo yakipotea pale na shinikizo la mkononi likipanda, acha. Kusukuma zaidi hupasua puto, au mbaya zaidi, aota yenyewe. Puto lililoishia kwenye ateri ya nyonga huichana upesi, maana ni nyembamba.

Andika saa ya kujaza ubaoni. Kanda ya I lenga dakika 15, usizidi 30. Kanda ya III lenga 30, usizidi 60. Kama daktari wa upasuaji hayuko tayari, ni heri usianze: katika jaribio la UK-REBOA la Uingereza lililochapishwa 2023, waliopangiwa puto walikufa 54% ndani ya siku 90, dhidi ya 42% ya waliopangiwa matibabu ya kawaida tu.

Kulegeza puto ni kazi ya dakika kadhaa, daktari wa usingizi akiwa ameshaambiwa, damu na kalisi vikiwa karibu.

Sasa mrija. Usiuache "kwa tahadhari" hadi asubuhi. Damu husimama kuuzunguka na kuganda. Vuta kwa sirinji kwenye tawi la pembeni la mrija. Damu ikija vizuri na ugandaji umesharekebishwa, utoe, kandamiza kwa mkono dakika 30 bila kuchungulia, mguu ubaki umenyooka saa 6. Damu ikigoma kuja, kuna bonge: usisukume maji ya chumvi, utalipeleka unyayoni. Mpigie daktari wa mishipa afungue ateri na kulitoa kwa katheta ya Fogarty (yenye kiputo cha kuvutia bonge).

Kwa saa 24 pima mapigo ya unyayo kwa dopla (kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu) kila saa, miguu yote miwili, kwa kulinganisha. Bonyeza pia kigimbi. Majeruhi aliyelala kwa dawa hawezi kusema kinauma, hivyo kigimbi kigumu kama ubao kinatosha kukufanya upime shinikizo la misuli, na likiwa juu vyumba vyote vinne vya misuli ya mguu vifunguliwe kwa upasuaji. Kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, rudia ultrasaundi ya kinena: uvimbe unaodunda, au mvumo chini ya stethoskopu, maana yake ukuta wa ateri haujafunga au umetoboka kuelekea kwenye veni.