Kubomoa daraja la zamani: panga hivi kabla hujaleta kijiko

Wakuu habari zenu. Naona siku hizi madaraja mengi madogo yanabadilishwa, kuanzia huku mitaani Mwanza mjini mpaka njia za Magu na Misungwi, na mara nyingi jipya likija la zamani lazima litoke, sasa watu wengi wanachukulia kubomoa ni kazi ya nguvu tu, leta kijiko (mashine ya kuchimbia) funga breka (nyundo yake ya kuvunjia zege) anza kupiga. Nimekaa saiti miaka kadhaa na siku niliyoogopa kuliko zote ilikuwa ya kubomoa.

Kalikuwa kadaraja ka mita 8 tu, juu ya kamto kanakoshuka milimani kuingia ziwani. Tulitoa sakafu yote ya zege kwa siku mbili, kila mtu kafurahi, usiku ikapiga mvua. Asubuhi tunafika tunakuta ukuta wa upande mmoja umeinama kuelekea mtoni, nyuma yake udongo umepasuka mstari mrefu. Na jana yake mchana vijana watatu walikaa chini ya ukuta ule ule wanakula mihogo. Kumbe ile sakafu haikuwa inabeba magari tu, ndiyo iliyokuwa inazizuia zile kuta mbili za pembeni zisisukumwe na udongo kuja katikati, sisi tukaitoa bila kuweka mirunda ya kukingama wala kupunguza udongo nyuma ya ukuta, alafu udongo ukalowa ukawa mzito zaidi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya kila hatua jiulize swali moja na jibu liandikwe kwenye karatasi: nikitoa hiki, kinachobaki kinashikwa na nini? Kama injinia hawezi kujibu basi hatua hiyo haifanyiki siku hiyo.

Mpangilio wa kawaida ni kurudi nyuma kama lilivyojengwa. Kilichowekwa mwisho kinatoka kwanza, yaani lami, kingo na reli, kisha sakafu, kisha bimu, kisha nguzo na kuta, mwisho msingi. Tafuta michoro kwa mwenye daraja, kwa barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, za mitaa na wilaya ni TARURA. Michoro ikikosekana pima mwenyewe, chimbua zege sehemu chache uone nondo zinaelekea wapi na zimeliwa na kutu kiasi gani. Na hapa naomba sana mnisikilize, kama bimu ni ndefu na ina nyaya za chuma zilizovutwa ndani yake badala ya nondo za kawaida, usiguse kabisa mpaka injinia anayezijua afike, zile nyaya zimebeba mvuto mkubwa muda wote na ukizikata ovyo zinafyatuka, bimu inaweza kuvunjika yote kwa mara moja.

Sasa uzito. Zege lenye nondo ni kama tani 2.5 kwa mita moja ya ujazo. Chukua sakafu ya urefu mita 8, upana mita 6, unene sentimita 35, hiyo ni mita za ujazo 16.8 sawa na tani 42. Ukiikata vipande vya upana wa mita moja kila kimoja ni tani 7. Lakini madaraja yetu ya zamani yamepigwa lami juu ya lami, ukikuta sentimita 15 za lami umeongeza karibu tani 3 kwa kila kipande, ndiyo maana lami inakwanguliwa kwanza. Na kreni ya tani 25 haibebi tani 25 ikinyoosha mkono, uwezo huo ni karibu kabisa na gari lake, kila ukienda mbali unashuka, soma jedwali la kreni yenyewe usimuulize dereva kwa mdomo. Miguu ya kreni nayo usiiweke nyuma ya ukuta wa daraja, utausukuma kama udongo ulivyousukuma wetu.

Msumeno upite kwa urefu wa daraja, kutoka ukuta mpaka ukuta, ili kila kipande kibaki kimelala juu ya ncha zake mbili. Ukikata kwa kukatiza katikati umekiua, kinaweza kushuka pale pale na fundi yuko juu. Na kipande kifungwe slingi (mkanda au waya wa kunyanyulia) na kreni ikivute juu kidogo kabla mkato wa mwisho haujaisha.

Kijiko juu ya daraja mimi sikipendi. Kijiko cha kawaida kina kama tani 20 na juu yake unaongeza mapigo ya breka, kwenye sakafu ambayo umeshaanza kuidhoofisha. Kifanye kazi kutoka nchi kavu, kikilazimika kupanda pawe na hesabu iliyosainiwa na injinia. Na kifusi kisirundikwe juu, tani zake unazisahau.

Chini ya daraja asikae mtu. Oktoba 16, 2024 kule Mississippi, Marekani, daraja la zamani juu ya mto Strong lilianguka wakati linaandaliwa kubomolewa, wakafa wafanyakazi watatu, na barabara ilikuwa imeshafungwa kwa magari. Kwa hiyo kufunga barabara peke yake hakutoshi. Zungusha uzio, weka mtu mwenye filimbi kila upande, maana huku kwetu bodaboda atapenya, mama wa samaki atapita njia yake ya kila siku na watoto watakuja kuchungulia. Wajengee njia ya muda mapema, wakiwa na pa kupita hawatapita kwako.

Mvua ndiyo inayoharibu mipango huku. Mwanza ni mawe matupu milimani, maji hayanywewi na ardhi, mto Mirongo unaweza kujaa ndani ya muda mfupi hata kama ulipo wewe ni mawingu tu. Fanya kazi Juni mpaka Septemba ukiweza. Weka mtu mwenye simu upande maji yanakotokea, na usiache mirunda mtoni usiku bila kukagua alfajiri, karibu na ziwa magugu maji yanakuja kujikusanya kwenye mirunda na mto unaanza kuisukuma yote kwa pamoja. Kunyanyua vipande fanya asubuhi, mchana upepo wa ziwa unaamka na mzigo unaanza kuyumba. Wanaofanya kazi juu ya maji wavae jaketi la kuokolea, na mtumbwi wenye mtu ndani uwe upande maji yanakoelekea.

Bomba la maji la MWAUWASA, nyaya za umeme za TANESCO na mkongo wa mawasiliano mara nyingi vimening'inia pembeni ya daraja, waite wenyewe wahamishe, usibahatishe. OSHA, wakala wa usalama kazini, ipewe taarifa kabla ya kazi. Kifusi kisimwagwe mtoni, sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto na ziwa, na samaki wanazaliana humo humo kwenye midomo ya mito. Kata zege kwa maji, vumbi lake likikauka linaingia mapafuni na halitoki. Daraja la chuma likiwa na rangi ya zamani pima kama rangi hiyo ina risasi (ile metali yenye sumu, lead) kabla ya kukata kwa gesi.

Ule ukuta wetu tuliuokoa kwa kuchimba udongo nyuma yake taratibu kutoka juu, kijiko kikiwa mbali, alafu tukakingamisha mirunda kutoka ukuta hadi ukuta. Ilichukua siku nne. Kama tungeiweka mirunda ile kabla ya kugusa sakafu ingechukua asubuhi moja.