Jinsi ya kuchangisha hela ya taulo za kike mtaani kwa chai na vitumbua

Tuseme ukweli jamani, watu wamechoka kuchangishwa. Mwezi mmoja tu una kadi ya harusi, una sendofu, una kicheni pati, una msiba, una grupu la watsapu la mtu anayeumwa, alafu na wewe uje na daftari lako unagonga geti "tunaomba mchango wa wasichana wa shule", mtu anakuchungulia dirishani anazima taa. Mi nimezimiwa taa mara mbili, na sikuona vibaya, maana hata mimi nimeshawazimia watu.

Nilichokuja kugundua ni kwamba mtu huyohuyo anayekwepa mchango wa buku asubuhi ya Jumamosi anatoka mwenyewe, kavaa msuli au khanga, anatafuta kitumbua na chai. Hiyo hela hana uchungu nayo kabisa, ni raha yake. Kwa hiyo kazi yako ni kukaa pale anapopita, umuuzie raha yake, faida iende shuleni. Tunafanya hivi hapa mtaani kwetu Dar, Jumamosi moja ya kila mwezi, na nimeulizwa sana tunafanyaje ndo maana naandika.

Kabla ya kuloweka mchele nenda shule. Sisi mara ya kwanza tulikosea hapa, tulikusanya hela tukakimbilia duka la jumla tukanunua mapedi maboksi, tumefika nayo kwa shangwe, mwalimu akatuambia taratibu kabisa kwamba asanteni ila wengi hawa hawana chupi za kutosha, pedi wataibandika wapi? Tuliishiwa maneno. Na choo cha wasichana kilikuwa hakina ndoo ya taka wala maji karibu, sasa mtoto hata ukimpa pedi atabadilishia wapi na ile iliyotumika ataitupa wapi, ataivumilia mpaka saa tisa wakati inatakiwa ibadilishwe kila baada ya masaa manne mpaka sita hivi. Kwa hiyo uliza. Ongea na mwalimu mkuu, halafu omba uongee pembeni na yule mwalimu wa kike ambaye watoto wanamwendea wakipatwa, kila shule yupo, huyo ndo anajua. Muulize wako wangapi, wanahitaji nini, vinatunzwa wapi na nani ana ufunguo. Usije ukasahau la tano pia, watu wanadhani ni la saba tu, siku hizi mabinti wanaanza mapema.

Tukiwa hapohapo, pedi zipo za aina mbili, za kutupa na zile za kitambaa za kufua. Za kufua zinakaa muda mrefu na ukipiga hesabu ya mwaka zinatoka nafuu, ila zinataka sabuni, maji na kuanikwa juani zikauke kabisa. Na hapo kwenye kuanikwa juani ndo kuna kazi, maana binti anaona aibu kuanika nje kwenye nyumba ya kupanga yenye wapangaji kumi, anaificha chini ya kitanda inabaki na unyevu, anapata miwasho. Kwa mtaa wetu wa kubanana sisi tulichagua za kutupa. Wewe ukiwa kijijini na uwanja mkubwa na mama yupo karibu, za kitambaa zinaweza kukufaa kuliko sisi.

Na mtu atakuuliza tu kwani serikali haioni? Mjibu kwa upole. Mwaka 2018 VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, iliondolewa kwenye taulo za kike hapa Tanzania, 2019 ikarudishwa, maelezo yakiwa kwamba bei dukani hazikushuka kama ilivyotarajiwa. Mi siingii huko, wenye kubishana wabishane, ila mtoto wa la sita mwezi huu anahitaji mwezi huu.

Haya, kibali. Usipange meza barabarani kimyakimya. Pita kwa mjumbe, kisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, sema siku, saa na hela inaenda wapi, na barua fupi kutoka shuleni ikisaidia unaibandika pale mezani. Na kuna mtu mwingine wa kumuaga ambaye wengi wanamsahau, yule mama anayeuza vitumbua pale kona siku zote. Usimharibie biashara yake! Sisi tulimfuata mapema, shikamoo mama, tukamweleza, tukamuomba atuongoze, siku hiyo akawa ndo mpishi mkuu na tunamlipa ujira wake kama siku ya kawaida. Bila yeye ningekuwa natoa chapati zilizokunjana. Mkono wake wa kugeuza vitumbua huwezi kuupata yutyubu.

Sasa vitumbua vyenyewe. Kwa kilo mbili za mchele unapata kama tisini hivi, inategemea chuma chako kina mashimo makubwa au madogo. Nunua mchele chenga, usipoteze hela kwa mchele wa kunukia, utasagwa huo hakuna atakayeuona. Loweka tangu Ijumaa mchana. Usiku chuja, saga na tui zito la nazi nne, iliki, na kiganja cha wali uliopoa au ngano kidogo ili vishikane. Saga usiku huohuo, usingoje alfajiri, maana umeme una tabia zake, ukikatika saa kumi na moja na blenda imejaa mchele utalia. Rojo lisiwe jepesi kama uji wa mgonjwa. Hamira tia alfajiri ukiamka, kijiko kimoja cha chakula kinatosha, funika uache liumuke kama saa moja, jikoni joto la Dar linakusaidia. Sukari mimi naweka mwisho likishaumuka, wengine wanaweka mwanzoni, kila mtu na mama yake. Ila hamira ijaribu kwanza kwenye maji ya uvuguvugu na sukari kidogo, isipotoa povu itupe, nina Jumamosi moja niliyouza vitu vigumu kama sabuni ya mche na watu wakanunua kwa huruma tu.

Chuma kipate moto sawasawa, mafuta kidogo kila shimo, moto wa wastani, pembeni vikianza kukauka geuza. Moto ukiwa mkali juu vinaungua ndani ujiuji, na mteja akiuma kitumbua kibichi hatakwambia, atasepa tu mazima.

Chai ni ya maziwa na tangawizi, na kosa la watu wengi ni kutupia tangawizi mbichi moja kwa moja kwenye maziwa, inayakata, unabaki na mabonge mabonge. Chemsha tangawizi na maji na majani kwanza mpaka ichemke vizuri, ndo umimine maziwa. Lita tano za maziwa na tano za maji unapata vikombe arobaini vya robo lita. Vikombe azima kwa majirani, vya kutupa vinakula faida na vinachafua mtaa.

Na wazee wa kahawa usiwaache. Kila mtaa una kibaraza chao, pale pana bao au drafti, kahawa chungu na kashata, na siasa zote za dunia zinamalizikia pale. Hawa hawatakuja mezani kwako, ng'o, wewe wapelekee. Muombe muuza kahawa wao awauzie siku hiyo kama kawaida yake na wewe uweke tu sahani ya kashata na kopo pembeni. Nilikuwa naogopa kwamba wazee wataona haya neno pedi, nikawa nasema "mahitaji ya watoto wa kike". Mzee mmoja akaniangalia akasema binti yangu si useme tu ni hedhi, sisi hatuna mabinti na wajukuu? Akatia msimbazi, elfu kumi nzima, kwenye kopo akaendelea na drafti yake. Kuanzia siku hiyo bango letu limeandikwa wazi, TAULO ZA KIKE, herufi kubwa.

Tuje kwenye hesabu maana hapa ndo watu wanajidanganya. Kwa bei za huku kwetu, ukinunua kila kitu mwenyewe: mchele chenga 4,000, nazi 6,000, sukari kilo moja na nusu 4,500, maziwa 10,000, majani na viungo 3,000, hamira 500, mafuta 6,000, mkaa 3,000. Jumla 37,000, na hapo sijatia ujira wa mpishi. Unauza vitumbua 80 kwa 300 unapata 24,000 (kumi vilivyobaki vimevunjika au watoto wamekula, usibishane na hilo), chai vikombe 40 kwa jero unapata 20,000. Jumla 44,000. Faida 7,000, pedi paketi mbili na chenji! Umeamka saa kumi usiku kwa ajili ya paketi mbili.

Dawa yake ni hii, usiombe hela, omba vitu. Mtu akiombwa buku tano anakunja uso, lakini ukimwambia jirani naomba nazi mbili za Jumamosi anakupa tatu. Mmoja sukari, mwingine mchele, mwenye ng'ombe maziwa, mwenye duka majani. Sisi tunabaki kununua mafuta na mkaa tu, 9,000, kwa hiyo kwenye 44,000 inabaki 35,000, na kwa paketi ya 2,500 hizo ni paketi 14. Ujira wa mpishi wetu kuna dada mmoja amejitolea kuulipa yeye kila mwezi, na zile "chenji baki nayo" zinanunua chupi. Mtu kwenye raha haombi chenji, hasa akiwa na mgeni pembeni.

Paketi 14 sio nyingi, najua. Pisi 8 za paketi moja kuna binti zinamtosha mwezi na kuna mwingine siku ya tatu zimekwisha. Ndo maana ni bora kila mwezi kidogokidogo kuliko bonge la sherehe mara moja kwa mwaka. Tarehe 28 Mei ni siku ya hedhi salama duniani, wamechagua 28 kwa sababu ya siku za mzunguko na mwezi wa tano kwa siku tano, siku hiyo mapedi yanamiminika mashuleni na picha juu, ila ikifika Septemba kabati la mwalimu liko tupu. Sisi Mei tunapumzika tunawaachia wenye makamera.

Kuhusu picha, usiwapige watoto picha wakiwa wameshika pedi. Kabisa. Hata mwalimu akikuruhusu. Binti wa miaka 12 atataniwa mpaka amalize shule. Piga picha maboksi, piga risiti, piga vitumbua, inatosha. Na wakati wa kugawa msiite majina mstarini, mwachieni mwalimu kabati lake, mtoto anaenda kwa wakati wake.

Hela sasa. Hii ndo inavunjaga urafiki. Usipokee kwenye laini yako ya kawaida, mi nilifanya hivyo mwezi wa kwanza, hela ikachanganyika na ya gesi na ya vocha, nikaishia kujazia toka mfukoni bila kujua nimekula ngapi. Tafuta laini pembeni au lipa namba, wawili wawe wanaona meseji zinavyoingia, na mtu wa kopo asiwe mtu wa daftari. Wa mbali wanaotaka kutuma waambie mapema watume na ya kutolea, makato yanatafuna kidogokidogo usipoangalia. Jioni hiyohiyo, kabla hujalala, tupia kwenye grupu: tumeuza hiki, tumenunua hiki, imebaki hii, na picha ya risiti. Hata kama ni hasara sema ni hasara. Mwezi mvua ilipotukuta saa mbili asubuhi na nusu ya rojo likabaki tulitangaza tumepata 11,000 tu, na watu walianza wenyewe kutuma bila kuombwa. Ila ukikaa kimya wiki mbili, hata kama hujagusa shilingi, mtaa utakuwa umeshakujengea nyumba Kigamboni.

Wafanyakazi wanne wanatosha. Mpishi, wa chai, wa hela, na kijana mmoja wa kukimbia huku na huku kupeleka sahani kwa wagonjwa na wazee wasiotoka. Ukiwa na kumi watakaa wanapiga stori na kula mtaji. Anzeni kuuza saa kumi na mbili na nusu, saa nne mmefunga, jua likishapanda hakuna anayetaka chai ya moto.

Mkimaliza, chuma cha vitumbua kifutwe kwa kitambaa na mafuta kidogo kikiwa bado cha uvuguvugu, msikisugue na sabuni na stilwaya, mtakuja kulia mwezi ujao kila kitumbua kinaganda. Vikombe na chupa za chai za majirani zirudi siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri, zimeoshwa, na kwenye kila sahani uliyoazima weka hata vitumbua viwili, kwa hiyo hivyo usisahau kuvitenga mapema kabla wale watoto hawajaviona.