Kuku wakianza kuumwa usikimbilie antibayotiki

Wafugaji wenzangu wa Kisauni na Likoni, kuku akianza kuzubaa mabawa chini usikimbie agroveti kuitisha unga wowote, kwanza mtenge na wenzake halafu tazama choo chake. Kikiwa kijani majimaji na shingo inapinda, yaweza kuwa kideri, na kideri ni virusi, antibayotiki haifui dafu hapo hata umwage pakiti nzima, kinga yake ni chanjo tu. Choo cha damu mara nyingi ni koksidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, nao una dawa yake. Kwa hivyo muite daktari wa mifugo, au mpelekee kuku aliyekufa mapema kabla hajaoza ampasue aone ndani.

Akikuandikia antibayotiki, pima dawa na maji kama lebo inavyosema, sio kwa kukisia na kifuniko cha soda. Changanya mapya kila asubuhi, weka kivulini, maji mengine toa yote bandani. Na maliza siku ulizoambiwa hata wakichangamka kesho yake, maana ukiwapa kidogokidogo unaua bakteria dhaifu tu, wale wagumu wanabaki na kuzaana, kisha wanamfikia hata mtoto wako kupitia mikono, kinyesi na nyama isiyoiva.

Lebo pia ina siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho. Ziandike ukutani bandani. Kabla hazijaisha usiuze nyama wala mayai, najua oda ya harusi inauma lakini tafadhali ngoja. Maziwa ya mbuzi aliyedungwa vilevile.

Dawa iliyobaki usiwape vifaranga wazima eti kuwakinga, watandikie maranda makavu ya mbao na uwape chanjo.