Mambo ya kuzingatia kabla hujakubali kukaa winta kwenye kijiji cha watembea uchi, pwani ya Médoc

Kila nikisema nimekaa winta mbili kwenye kijiji cha watembea uchi watu wanacheka, afu swali ni lile lile, na wewe ulivua? Jamani. Januari pale Médoc, kusini magharibi mwa Ufaransa, asubuhi unaamkia digrii tatu au nne, upepo unatoka baharini umelowa, nani avue? Watu wamejifunga majaketi na kofia za sufu, miguuni buti za mpira. Uchi unabaki kwenye bwawa la ndani na sauna, kule nguo ndo haziruhusiwi, kwahiyo kama haya yako haikuruhusu we usiingie tu, hakuna wa kukulazimisha, na ukiingia beba taulo lako la kukalia na simu iache nyumbani. La uchi limeishia hapo. Cha kukunyima usingizi kule ni bahari.

Vijiji vyenyewe viko ndani ya msitu wa misonobari, nyuma ya tuta la mchanga. Cha Montalivet ndo kikongwe, kilianza 1950, na shirikisho lao la dunia nzima lilizaliwa hapohapo mwaka 1953, afu kusogea kaskazini kidogo kuna Euronat ya 1975. Julai na Agosti ni maelfu ya watu, ukija Desemba unasikia mbwa mmoja na mawimbi. Wenye mabanda wamerudi kwao Ujerumani, Uholanzi, Bordeaux, na wanatafuta mtu wa kulala pale aangalie nyumba, kodi ndogo au bure kabisa, na hapo ndo watu kama sisi tunapoingia. Ni dili nzuri, ila uliza kwanza.

Swali la kwanza kabla hata ya hita: kutoka barazani mpaka ukingo wa tuta ni mita ngapi? Usikubali jibu la "haa, mbali tu". Pwani ya mchanga ya Gironde, mkoa ambao Médoc imo, inarudi nyuma wastani wa mita mbili na nusu kwa mwaka, ila huo wastani unadanganya maana bahari haili kidogo kidogo kila siku kama panya, inaweza kukaa miaka haigusi kitu halafu ikabeba yote kwa wiki moja. Winta ya 2013 kuingia 2014 dhoruba zilipanga foleni, moja haijatulia nyingine hii hapa, na kuna sehemu zilipoteza zaidi ya mita 20 kwa msimu ule mmoja. Pale Soulac, jirani tu, kulikuwa na ghorofa linaitwa Le Signal, nyumba 78 ndani yake, lilijengwa 1967 likiwa mita 200 toka baharini. Mwaka 2014 watu wakatolewa, 2023 likabomolewa. Wenye kumbukumbu za bahari ilivyokula ufukwe wa Kunduchi, Dar, wananielewa.

Jirani yangu alikuwa bi mkubwa mmoja wa Kijerumani, yuko pale toka ujana wake. Kila Novemba anatoka na buti zake anahesabu hatua toka mlangoni mpaka ukingoni, hatumii futi kamba wala simu, hatua zake tu, afu anaandika kwa penseli kwenye fremu ya mlango kwa ndani. Alinionyesha: 71, 70, 70, 66, 52. Kwenye ile 52 penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka mbao imebonyea. Nikamuuliza bibi huogopi, akasema anaogopa zaidi maji ya bomba kuganda. Basi na mimi nikawa nahesabu.

Pili, zijue siku za bamvu, zile maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Wenzetu wa pwani hapa mna faida, maana bahari ile inajaa na kupwa kwa mita nyingi kama yetu, hazipishani sana. Wafaransa wao bamvu wanalipangia namba, inaanzia 20 maji yakiwa mafu kabisa mpaka 120, na vijitabu vya kupwa na kujaa vinauzwa dukani kwa wavuvi. Ikipita 100 na siku hiyo kuna dhoruba toka magharibi, hiyo siku iwekee alama. Kikawaida kitu ni hivi: hewa ikiwa nyepesi bahari inainuka, kila milibari moja (kipimo cha mgandamizo wa hewa) ikishuka ni kama sentimita moja ya maji, kwahiyo dhoruba iliyoshusha milibari 30 imeshakupandishia bahari sentimita 30 kabla wimbi lenyewe halijafika. Upepo nao unasukuma. Vyote vikikutana saa maji yamejaa, wimbi linapiga miguuni mwa tuta, mchanga wa chini unaondoka, wa juu unaanguka. Kiangazi mawimbi madogo yanarudisha mchanga kiasi ufukweni, ndo maana ukienda Agosti utasema mbona kuzuri, lakini tuta lenyewe halirudi.

Sasa asubuhi baada ya dhoruba usikimbilie kupiga picha ukingoni. Tuta linakuwa limekatwa wima kama mkate, mita tatu nne, na pale juu unaposimama chini hamna kitu, na pale chini ndo kabisa, linaporomoka bila kelele. Zile ngazi za kushukia ufukweni utazikuta zinaning'inia. Kuna mahandaki ya zege ya Wajerumani ya vita ya pili yameanguka toka juu ya tuta, nondo zimetoka nje, na ukiona chuma cha ajabu ajabu usikiguse, pigia namba ya dharura 112. Bahari ile inatupa vitu bana. Mwishoni mwa 2019 ilitupa vifurushi vya kokeini pwani nzima mpaka fukwe zingine zikafungwa, kwahiyo ukikuta kifurushi kimefungwa vizuri, mguu wako uendelee na safari.

Nyumbani. Banda la mbao ni la kiangazi, kumbuka hilo. Uliza maji yanafungwa lini na koki kuu iko wapi, maana ukiondoka siku mbili baridi kali ikaja unatakiwa ufunge koki, ufungue bomba zote maji yamwagike, usipofanya bomba linapasuka na utajua likishayeyuka. Mtungi wa gesi ukiwa nje uwe wa propeni, ile butani ikifika karibu na sifuri inagoma, nilikosa chai asubuhi mbili ndo nikajua. Na tafadhali, jiko la mkaa usiingize ndani hata umeme ukikatika siku tatu, watu wanalala hawaamki, nunua kale kamashine ka kunusa kaboni monoksaidi ni bei ndogo. Angalia juu pia: misonobari. Dhoruba ya Desemba 1999 na ile ya Januari 2009 ziliilaza kama majani, kwahiyo kitanda kisiwe upande wenye mti ulioinama. Jua linachomoza saa mbili na nusu asubuhi na saa kumi na moja na nusu jioni limezama, maduka mengi yamefungwa, treni iko Lesparre kilomita 20 na ushee, bila gari utateseka.

Karatasi. Mara nyingi mtu anamiliki banda, kiwanja anakodi. Na bima ya Ufaransa upepo ukiezua bati inalipa, ila tuta likiliwa taratibu mpaka nyumba ikose ardhi hilo haliingii kwenye majanga yao, wale wa Le Signal walihangaika miaka ndo serikali ikaja kuwalipa asilimia 70. Kwahiyo vitu vyako vya maana usiviweke kule.

La mwisho ni rangi. Tahadhari zao za hali ya hewa zina kijani, njano, chungwa na nyekundu, na onyo la mawimbi kuingia nchi kavu liliongezwa 2011 baada ya dhoruba ya Xynthia ya Februari 2010, iliyoua watu 29 kwenye mji mmoja tu wa La Faute-sur-Mer, usiku, wengine vifuniko vya madirisha vya umeme viligoma kufunguka. Kabla hujahamia jaribu kila dirisha kwa mkono. Chungwa ikitoka, simu chaji, tochi mfukoni, pasi na karatasi za makazi kwenye mfuko wa plastiki, na gari ligeuze mapema liangalie geti, usiwe wa kurivasi gizani katikati ya misonobari.