Jinsi ya kupima modeli za mfumuko wa ulimwengu kwa kalkuleta ya simu

Mfumuko ninaousema sio wa bei jamani, ni ule wa ulimwengu kutanuka ghafla mno mwanzoni kabisa, kabla hata sekunde moja haijaisha. Wengi wanadhani kuupima lazima uwe na mitambo, hapana, hata ukiwa hapa Dodoma na simu tu unaanza.

Shika namba mbili. ns inakuambia madoa makubwa na madogo kwenye mwanga wa kale wa mikrowevu yanazidianaje nguvu, setilaiti ya Planck ilipata 0.9649, kosa la kipimo 0.0042 juu au chini. Halafu r, hiyo ni nguvu ya mawimbi ya uvutano ya wakati ule, darubini za BICEP/Keck kule Ncha ya Kusini mwaka 2021 walisema haivuki 0.036.

Sasa weka N = 60, hicho ndo kipimo cha ulimwengu ulitanuka kiasi gani. Modeli nyepesi ya kipeo cha pili (nishati inayosukuma mfumuko inapanda kwa kipeo cha pili) inasema ns ni 1 toa 2/N, na r ni 8/N. Piga: 0.967, safi kabisa, ila r inakuja 0.133, hiyo imevuka mbali, modeli imeanguka. Ya mwanafizikia Starobinsky ns yake ni ileile lakini r ni 12 gawanya kwa N mara N, unapata 0.0033, imepita. Rudia na N = 50 usije ukajidanganya.

Hapa kwenye r naomba utulie, maana kuna vumbi. Sisi tunalijua, Agosti unaanika shuka nyeupe asubuhi, jioni unaanua nyekundu na mgeni anaweza kuapa ndo rangi yake ya dukani. Machi 2014 timu ya BICEP2 ilitangaza r kama 0.2, dunia nzima ikashangilia, kumbe ishara ile vumbi la Njia Nyeupe, galaksi yetu, lilitosha kuieleza, ikathibitika 2015 walipolinganisha na ramani za Planck za masafa ya juu (frikwensi) ambako vumbi linang'aa zaidi. Kwa hiyo ukiona r imetoka kwenye masafa mamoja tu, usiikubali haraka.

Na usikariri namba. 2025 darubini ya ACT ya Chile, data yake ikichanganywa na ya Planck na ya DESI, mradi wa kuchora ramani ya galaksi, ns ikapanda karibu 0.974, kosa kama 0.003. Toa 0.967 hapo, gawanya kwa kosa: zaidi ya mbili, yaani pengo limezidi kosa mara mbili. Starobinsky bado hajaanguka, ila kabanwa.